Siku Tuliyokuwa na Nne Wawili

Mimi ni Nne. Jina langu lipo, nilipewa na wazazi wangu, lakini pale kwenye kituo cha mafuta halina kazi tena tangu mkufunzi wa usalama alipokuja na vizibao vyake vya rangi ya machungwa vyenye namba mgongoni. Moja anakimbilia swichi nyekundu na kukata umeme wa pampu. Mbili anashika mtungi wa kuzimia moto. Tatu anafunga njia ya magari kwa kamba. Nne, yaani mimi, anavusha watu barabara mpaka mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, anawahesabu, na habanduki pale hata iweje. Tano anaingia duka letu la kituoni, stoo na vyooni, anafungua kila mlango huku akipiga kelele, kisha anatoka wa mwisho. Sita anavuka barabara na kupigia simu zimamoto.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukazoea mpaka majina yakasahaulika. Keshia wetu alikuwa Sita, na mumewe akija kumchukua jioni anauliza kwa uso mkavu, "Sita ameshatoka?" Mkufunzi alikuwa mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alitufanyisha zoezi. Alitaka mambo yafanane na kweli kabisa. Kwa hiyo akamfundisha msimamizi wetu kupiga kelele, "Hili si zoezi! Hili si zoezi!" kila tunapofanya zoezi.

Mimi sina mdomo wa kukaa kimya. Nilimuuliza siku ile ile, "Sasa siku isipokuwa zoezi, atasema nini?"

Akanijibu kwamba kazi ya Nne ni kuhesabu, si kuhoji. Nikakubali shingo upande.

Lakini siku yenyewe ilipofika, kosa kubwa halikuwa la mkufunzi. Lilikuwa letu, tena la wote. Kituo kina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na kila zamu ina Moja wake mpaka Sita wake. Jumanne ile Tano wetu wa asubuhi alikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanawe, akabadilishana zamu na mtu wa mchana tunayemwita Profesa, kwa sababu hasemi neno moja pale penye nafasi ya kumi. Saa zililingana, msimamizi akatia saini bila kuinua kichwa. Kila mmoja akaridhika.

Sasa Profesa, huko kwenye zamu yake, ni Nne. Akaja na kizibao chake. Nilimwona anakivaa asubuhi, mgongo wake na wangu imeandikwa namba ile ile, nikamtania, "Leo tumekuwa mapacha."

"Mapacha wa kazi," akasema, "ambao ni bora kuliko wa tumbo, maana wamechaguana."

Tukacheka. Watu sita wazima, wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza Tano ni nani leo.

Mama yangu alifika kama saa tatu hivi, akitoka kupimwa presha. Tunaishi wote, na ufunguo wa nyumba ulikuwa kwangu. Foleni ilikuwa ndefu, pikipiki zimebanana na magari, kila mtu anataka kuhudumiwa wa kwanza. Mama akasimama karibu na pampu yangu na mtandio wake wa bluu, akaanza kunisimulia alichoambiwa na daktari, tangu mwanzo, tangu alivyokalishwa kwenye benchi.

"Mama, si sasa! Huoni foleni?"

Niliisema kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Nikachomoa ufunguo mfukoni nikautia mkononi mwake. Akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, kule nyuma ya duka, bila kumtazama. Nilikuwa namjazia mafuta mwanamume aliyekuwa akinihesabia dakika.

Mama ana tabia moja inayoniudhi tangu utotoni: haagi. Unazungumza naye, unageuka kuchukua kitu, ukirudi ameshaondoka. Kwa hiyo sikumfikiria tena.

Upande wa duka lori la mafuta lilikuwa linashusha petroli kwenye tanki la chini ya ardhi. Hiyo ni kazi ya kawaida. Dereva husimama hapo hapo kulinda bomba lake la mpira, na yule alikuwa mtu makini. Niliyasikia mafuta kabla ya kuyaona, sauti ya ndoo kubwa inayomwagwa bila kwisha. Kisha dereva akapiga ukelele, "Limechomoka! Limechomoka!"

Bomba lilikuwa limeng'oka kwenye mdomo wa tanki. Mpaka anaifikia koki ya lori na kuifunga, petroli ilikuwa imetandaa nyuma yote ya duka, inatafuta mfereji. Na mfereji wetu, kwa hekima ya aliyejenga kituo, unapita mbele ya milango ya vyoo. Harufu ilitupiga wote kwa pamoja, macho yakaanza kuwasha.

Kengele ikalia. Msimamizi akatoka ofisini mbio, uso umemsawijika, akaanza, "Hili si zoezi! Hili si zoezi!"

Basi wateja wa kila siku wakatulia kabisa. Mwenye pikipiki mmoja akasema, "Nanyi mmezidi, mazoezi mpaka Jumanne?" Mama mmoja kwenye gari dogo akagoma kushuka mpaka ajaziwe mafuta aliyoyaomba. Msimamizi akazidi kupaza sauti kwamba si zoezi, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyotabasamu. Nikaona mchezo utatuua. Nikaufungua mlango wa lile gari dogo, nikamshika mwenye gari mkono, nikamwambia, "Dada, nusa." Akanusa. Akashuka bila viatu.

"Msiwashe gari! Msiwashe pikipiki! Acheni kila kitu, tuvuke!"

Lazima niseme ukweli, tulifanya vizuri. Moja alikata umeme kabla kengele haijamaliza mzunguko wa kwanza. Mbili alikuwa na mtungi mkononi na miguu imepanuka kama alivyofundishwa. Tatu alivuta kamba, akalizuia basi zima lililotaka kuingia. Sita alivuka akiwa na simu, akataja mahali tulipo na aina ya mafuta pasipo kigugumizi. Mimi nikawavusha watu wangu, nikawapanga mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya marundo ya mabati na makopo ya rangi, na kwa nusu dakika nilijisikia fahari.

Nikaanza kuhesabu. Nikapata kumi na wanne.

Pembeni yangu Profesa alikuwa amenyoosha kidole, midomo inacheza. "Kumi na tano," akasema.

"Kumi na wanne."

"Dada yangu, hesabu ni hesabu. Kumi na tano."

Tukahesabu upya, yeye akianzia kulia, mimi kushoto. Tulipokutana katikati tukawachanganya watu, wao wenyewe wakaanza kujihesabu, mmoja akasogea kivulini, mwingine akainama kumtafuta mwanawe. Nikapata kumi na watatu. Profesa akapata kumi na sita. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nikamgeukia kwa hasira nimwambie aniachie kazi yangu, akafanye yake, na macho yangu yakaangukia namba iliyo mgongoni mwake.

"Profesa. Kazi yako leo ni nini?"

"Mimi Nne."

"Hapana. Umekuja mahali pa nani?"

Akajipapasa mgongoni, pale penye namba.

"Vyoo umekagua?"

"Mimi ni Nne," akarudia, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayeomba.

Ndipo nikamkumbuka mama. Nasema nikamkumbuka, lakini haikuja kama kumbukumbu. Ilikuja kama pale mtu anapokosa ngazi gizani. Nikautazama ule umati uso baada ya uso, nikitafuta mtandio wa bluu. Haukuwepo. Nikatazama barabara ya kuelekea nyumbani. Watu tele, mitandio tele.

"Umemhesabu mama yangu? Mwenye mtandio wa bluu?"

"Kuna mama nimemhesabu," akasema Profesa.

"Wa bluu?"

"Nilihesabu vichwa. Sikuhesabu sura."

Ningemzaba kofi. Badala yake nikajaribu kufikiri, na kichwa kilikataa. Ufunguo nilimpa. Mwenye ufunguo anakwenda nyumbani. Choo aliuliza. Aliyeuliza choo anakwenda chooni. Ilikuwa dakika ngapi kabla ya kengele? Tano? Kumi na tano? Niliwahudumia watu wangapi katikati? Wawili, au labda watano, na mmoja alikuwa na ndoo, au yule alikuwa wa jana. Mama haagi. Kama alitoka, asingeniaga. Na kama hakutoka, pia nisingejua. Kila nililolikumbuka lilikubaliana na yote mawili.

Nikachomoa simu. Kidole kilikuwa juu ya jina lake nilipowaza: je, kama yumo mle, simu ikaita katikati ya mvuke wa petroli? Kwenye mafunzo tuliambiwa simu si za kuchezea. Kama yuko nyumbani, nikipiga nitapona. Kama yumo chooni, nikipiga huenda nikamchoma mama yangu kwa mkono wangu. Nikairudisha simu mfukoni. Nikaitoa tena. Nikaizima kabisa, nikakitazama kioo cheusi, nikajiuliza kwa nini nimezima ya kwangu wakati hatari ni ya kwake.

"Nakwenda," nikasema.

"Nne habanduki," akasema Profesa.

"Leo tuko wawili! Wewe baki!"

Na kweli, hilo ndilo jambo ambalo nimelifikiria kuliko yote. Siku nyingine yoyote sheria ingenifunga miguu. Siku ile tu, kwa kosa letu wenyewe, nilikuwa na mtu wa kushika nafasi yangu. Hakuna aliyenizuia.

Nikavuka barabara mpaka kwenye kamba ya Tatu. Kutoka pale, ukitazama ubavuni mwa duka letu, vyoo vinaonekana, milango miwili ya bati iliyopakwa kijani, hatua kama arobaini. Milango ilikuwa imefungwa. Mbele yake ardhi ilimetameta. Hewa juu ya ile petroli ilikuwa inatetemeka, na harufu ilinipanda puani mpaka nyuma ya macho. Tatu akanitazama, akainua kamba kidogo, nipite kama nataka kupita.

Sikupita. Nikapaza sauti, "Mama!"

Ukiita mama mbele ya watu, wanageuka wote. Ng'ambo ya barabara wanawake watatu wakageuka, mmoja akaitika, "Abee, mwanangu?" Nikamwashiria kwa mkono si wewe. Nikaita tena, "Mama! Uko huko?" Milango ya kijani haikutikisika. Nikaita mara ya tatu, kwa nguvu zangu zote, sauti ikakatika.

Kimya.

Nikasema kwa sauti, ili Tatu asikie, "Hayumo. Angeitika." Tatu akaishusha kamba. Nikageuka nikarudi ng'ambo.

Nilipofika, Profesa alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, ameshika kichwa. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye baiskeli, anajieleza. "Mimi nilikuwa napita tu, kaka. Nimesimama kuangalia." Yule ndiye aliyekuwa wa kumi na tano. Alikuwa amehesabiwa kama ameokolewa, na wala hajawahi kukanyaga kituoni.

"Kwa hiyo ni kumi na wanne," akasema Profesa. "Ulikuwa sawa."

Kuwa sawa hakujawahi kunitia hofu kiasi kile. Katika kumi na wanne wangu, mama hakuwemo.

Zimamoto walikuja na ving'ora, magari mawili. Kiongozi wao, mzee mnene mwenye kofia ya chuma, alishuka kabla gari halijasimama vizuri. "Nani amehesabu watu?"

Tukainua mikono wote wawili. Akatutazama migongo, namba ile ile mara mbili, akakunja uso.

"Ndani kuna mtu?"

"Hakuna," akasema Profesa.

"Sijui," nikasema mimi, kwa wakati mmoja.

"Yumo au hayumo?"

"Sijui."

"Dada, 'sijui' si jibu. Kama yumo, vijana wangu wanaingia sasa hivi, na cheche moja ikitokea nawazika. Kama hayumo, namwaga povu kwanza na kungoja mvuke upungue. Yumo au hayumo?"

Nikawatazama wale vijana wake. Walikuwa wanafunga kamba za barakoa, mmoja hajaota ndevu vizuri. Naye ana mama, nikawaza. Nimpeleke mle kwa ajili ya mtu ambaye pengine sasa hivi yuko nyumbani amevua viatu?

"Mama yangu aliuliza choo," nikasema. "Nimemwita mara tatu hakuitika. Ana ufunguo wa nyumba. Haagi, afande, huwa haagi. Pengine ameondoka. Pengine yumo. Sijui, nakuapia sijui." Nikaanza kulia, tena kwa sauti, mbele ya wateja wangu.

Yule mzee aliwageukia vijana wake. Akapaza sauti, "Tuna mtu chooni! Povu mpaka mlangoni, wawili waingie!"

Povu likatoka jeupe, likafunika ile ardhi iliyokuwa ikimetameta. Wawili wakaingia wakilikanyaga taratibu. Wakafungua mlango wa kwanza, wakachungulia, wakaufunga. Wakafungua wa pili. Wakaingia. Sijui walikaa mle muda gani. Sita aliniambia baadaye ilikuwa kama dakika moja, nami nikamwambia hajui kusoma saa.

Walitoka wamembeba mama kwenye kiti cha mikono yao, mikono yake mabegani mwao, mtandio umefungwa mdomoni na puani.

Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Mhudumu wa afya akamwosha macho, akamvalisha kifaa cha hewa, akampima presha, mara ya pili siku hiyo. Macho yalikuwa mekundu na alikuwa akikohoa, lakini akili yake ilikuwa kamili kuliko yangu. Alimweleza mzee wa zimamoto yote kwa mpangilio. Alifungua mlango atoke, akaona petroli kizingitini. Akaufunga. Akazima simu. Akalowesha kipande cha mtandio akaziba chini ya mlango, kilichobaki akajifunga usoni, akapanda juu ya choo karibu na kile kidirisha cha hewa, akangoja.

"Nani amekufundisha hayo, mama?" mzee akamuuliza.

"Wameandika ukutani mle chooni," mama akasema. "Sikuwa na kingine cha kusoma."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamsogea, akaenda kwa vijana wake. Tukabaki wawili. Hapo ndipo hasira zikanipanda, zile ambazo huja mtu akishajua amepona.

"Mama, nimekuita! Mara tatu! Sauti imenikauka! Kwa nini hukuitika?"

Akakishusha kile kifaa cha hewa.

"Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Mara zote tatu."

"Sasa kwa nini umenyamaza?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza petroli iko pampu gani wakati imeandikwa.

"Ningeitika ungekuja," akasema. "Nakujua wewe. Ungeyakanyaga yale mafuta na viatu vyako hivyo vyenye vyuma, unikimbilie. Nikasema, bora anidhanie nimekwenda nyumbani."

Akakirudisha kifaa puani, akafumba macho, akaushika mkono wangu.

Nikaitazama ile kamba ng'ambo ya barabara. Tatu alikuwa bado ameishika. Yeye aliniona. Aliniinulia kamba, akaniona nimesimama. Na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ule ukimya wa mama, ulipokuja kwa mara ya tatu, haukunihuzunisha. Ulinipa nafuu. Nilitaka asiitike.

"Ungekuja, sivyo?" mama akauliza, macho bado amefumba.

"Ningekuja, mama."

Akanifinya mkono kidogo, ameridhika. Mpaka leo sijui kama nilimdanganya.